Vyuma Chakavu vya Kijiji: Tuvijue Kabla Lori Halijaja

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya wanachama na wananchi, wilayani Kongwa)



Tumekuiteni kwa habari ya vyuma. Kila mmoja wetu huupita uwanja wa ghala la kijiji kila siku, akienda shambani au akirudi kisimani, na macho yetu yamekwisha kuuzoea hata hatuuoni tena. Trekta limekaa pale bila magurudumu, majani yameota kwenye kiti cha dereva. Kuna haro iliyozama nusu ardhini, mashine ya kusaga iliyopasuka, mapipa, mabati, tela lililovunjika ekseli, pampu ya kisima cha zamani, na lundo la vitu ambavyo hata mafundi wetu hawavitambui mpaka wavigeuze. Mbuzi hulala humo, nyoka hutaga humo, watoto hucheza humo. Mkutano mkuu wa kijiji umekwisha kuamua kwamba uwanja usafishwe, pajengwe sakafu ya kuanikia alizeti na magari yapate njia ya kufika ghalani. Vijana wa tawi letu wamejitolea nguvu zao. Hayo hatuyajadili tena.

Tunalotaka kusemezana leo ni namna ya kusafisha. Kusafisha ni neno zuri, kila mtu hulipenda, na kwa sababu hiyo huweza kufunika mambo mengi. Wiki chache zilizopita alikuja bwana mmoja na lori. Akauzunguka uwanja mara mbili, akalipiga trekta teke, akatikisa kichwa kama mganga aliyemkuta mgonjwa amekwisha kukata roho, akasema: ndugu zangu, hizi ni takataka tu, lakini kwa kuwa mimi napenda maendeleo ya vijiji, nitaziondoa zote kwa siku moja na tena nitawapa kitu kidogo. Tukamwuliza kitu kidogo ni kiasi gani. Akataja. Tukamwuliza kwa kilo ni kiasi gani. Hapo akaangalia saa yake.

Bwana huyo hatumtaji jina wala hatumwiti mwizi. Mfanyabiashara kazi yake ni kununua rahisi na kuuza ghali, na asiyejua mali yake ndiye humrahisishia kazi. Lakini twauliza: ni takataka gani hizo zinazomtoa mtu mjini na lori, na dizeli ya kuja na kurudi, na wapakiaji wanne wa kulipwa? Kijiji kimoja kilicho jirani nasi kiliuza uwanja wake kwa bei ya namna hiyo, bei ya macho, jumla jumla. Lori lilipofika njia panda likasimama chini ya mbuyu, na wapita njia wakawaona wapakiaji wanatenga: shaba huku, aluminiamu kule, betri pembeni, chuma kizito nyuma. Yaani kazi ambayo wenye mali hawakuifanya ilifanywa na mnunuzi hata kabla hajatoka wilayani, na faida ya kazi ile ikaenda naye.

Yafaa tujue vyuma vimefikaje huku kwetu, maana havikuota kama mtama. Mababu zetu walijua kuvitoa wenyewe udongoni. Wafipa walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wakayaita malungu. Wahaya kule ziwani walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Chuma cha namna ile kilikuwa kigumu kupatikana: kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma makaa, kufukuta mivukuto siku nzima na usiku. Kwa hiyo hapakuwa na chuma cha kutupwa. Jembe lililokwisha lilirudi kwa mhunzi likawa kisu, na kisu kilichokwisha kikawa kichwa cha mshale. Uwanja uliojaa vyuma vilivyolala ni jambo geni katika nchi hii, nalo lilikuja na wageni.

Na sisi watu wa Kongwa tunalo la kusema hapo kuliko wengine. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika katika eka zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 wakaanza hapa Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, basi wakaokota mabaki ya vita. Mengine yalinunuliwa kwenye marundo ya vifaa vilivyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mengine yalikuwa vifaru hasa, aina ya Sherman, vikavuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Hata mnyororo mzito wa nanga ya meli uliletwa huku mbali na bahari, ukafungwa kati ya matrekta mawili, ukaburutwa kung'oa vichaka. Wazee waliokuwa hai wakati huo walisimulia jinsi mibuyu ilivyowashinda. Udongo nao, ambao kila bibi wa Kigogo angaliwaambia habari zake bila kudai mshahara, ulikauka kiangazi ukawa kama saruji, ukatafuna visu vya plau kama msasa. Mvua ikawa haba. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 35 za watu wao zikafutwa vitabuni.

Fedha zilifutwa kwa kalamu, lakini chuma hakifutiki kwa kalamu. Vitu vilivyokuja vikiwa chakavu vya vita vikaachwa vikiwa chakavu vya karanga. Kule Kusini reli waliyoijenga kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yakang'olewa. Hapa Kongwa sehemu ya ardhi ile ilifanywa ranchi ya ng'ombe, nayo ipo mpaka leo. Na majengo waliyoyaacha, twapenda vijana walijue hili, ndiyo yaliyowapokea wapigania uhuru tangu mwaka 1964, wa FRELIMO, wa ANC, wa SWAPO, wa MPLA. Mabaki ya mpango wa mkoloni yakawa kambi ya kumwondoa mkoloni kwa jirani zetu. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kutumia mabaki, na laiti kila kitu kingalitumika hivyo.

Lakini tusimtwike mkoloni kila msumari. Trekta lililo ghalani kwetu halikuachwa na Mwingereza. Ni la miaka ya vijiji vya ujamaa, na kulala kwake kuna sababu inayojulikana. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikawa adimu, na kipuri kidogo cha pampu ya dizeli kisipopatikana trekta zima husimama. Likisimama, mmoja huja kuazima boliti, mwingine huja kuazima betri, na asubuhi moja watu huamka wakakuta limekwisha kuwa chakavu. Hakuna mtu aliyeamua life. Lilikufa kwa kuazimwa.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Watu husema "vyuma chakavu" kama kwamba ni kitu kimoja. Ni kama kusema "nafaka" halafu ukachanganya mtama, mahindi, ufuta na mchele katika gunia moja ukaenda sokoni. Mnunuzi atakulipa bei ya ile iliyo duni kuliko zote. Trekta moja lina bei nne au tano ndani yake, na mtu asiyelifungua huuza zote kwa bei ya chini.

Kila kikundi kitakuwa na sumaku. Msinunue. Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzuri nyuma yake. Kinachonaswa ni chuma, kiwekwe upande wa chuma. Kisichonaswa kiwekwe kando kwanza, kwa maana huko ndiko kwenye mali. Bomba linalong'aa kama shaba nalo likinaswa, basi ni chuma kilichopakwa rangi ya heshima, kama watu wengine tunaowajua. Na vyombo vya chuma kisichoshika kutu, kama masinki na baadhi ya masufuria, vingi havinaswi ingawa ni chuma. Hivyo vitengwe peke yake, navyo vina bei yao.

Upande wa chuma pia kuna mafungu. Bloku ya injini na mwili wa mashine ya kusaga ni chuma cha kusubu. Ukikipiga nyundo nzito hupasuka kama chungu, hakipindi. Ekseli, nondo na sahani nene ni chuma kizito. Mabati na mapipa ni chuma chepesi, hujaza lori kabla halijapata uzito, na ndiyo maana mnunuzi hukilipa kidogo. Ukichanganya mabati na ekseli katika rundo moja, umempa yule bwana ekseli zako kwa bei ya mabati.

Katika visivyonaswa, pistoni na vifuniko vingine vya injini ni aluminiamu. Utaitambua kwa mkono tu: kwa ukubwa uleule ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Kuiyeyusha tena kunahitaji nguvu ya moto kama asilimia 5 tu ya ile inayotumika kuipata kutoka mawe ya mgodini, na mwenye kiwanda hulijua hilo vizuri sana hata kama mwenye lori hakuambii. Rejeta ya trekta la zamani ni ya shaba. Ndani ya stata na dainamo kuna nyaya za shaba zilizoviringwa, na katika pampu ya umeme hali kadhalika. Bei za vitu hivi hupanda na kushuka kwa soko la dunia, kwa hiyo hatutaji shilingi hapa, lakini kilo moja ya shaba kwa kawaida hununua kilo kumi na zaidi za chuma. Mtu aliyelipiga trekta teke alikuwa akiitazama rejeta.

Kuna tabia ya kuchoma nyaya ili plastiki iungue, shaba ibaki. Tunaikataza kabisa katika uwanja wetu. Moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa mtoto aliye upande wa upepo, na shaba iliyoungua huwa nyeusi, mnunuzi huishusha bei. Kaeni chini ya mti, chukueni kisu, chuneni waya kama mnavyochuna muwa. Ni kazi ya wazee walio na hadithi nyingi na haraka chache.

Juu ya mizani tuna neno fupi. Mizani itakayotumika ni ya kwetu na ya mnunuzi, zote mbili, na kabla ya kupimwa kitu chochote utapandishwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mizani ikisema 43, tutajua la kufanya. Msitegemee macho. Chuma ni kizito karibu mara nane ya maji kwa ujazo uleule, na jicho la mkulima limezoea magunia.

Ndugu zangu, tungalikuwa tunazungumza habari ya fedha tu tungalikwisha kumaliza. Sasa tusikilizane.

Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi ya Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono lililipuka asubuhi shuleni. Wanafunzi 5 walifariki, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Habari zilizotolewa wakati ule zilisema mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Ngara ni mpakani, nchi za jirani zilipita katika vita, na vitu vya vita vimelala porini. Mtoto yule hakufanya utundu wowote. Alifanya kile ambacho wakubwa walimfundisha kwa vitendo: kwamba chuma ni kilo, na kilo ni shilingi za daftari na maandazi.

Hapa kwetu hatusemi kuna mabomu. Twasema tu kwamba nchi hii ya Kongwa imepitiwa na vifaru vilivyogeuzwa matrekta, na imekaa na makambi ya wapiganaji kwa miaka mingi, na hakuna mtu hapa awezaye kuapa kujua kila kilichofukiwa. Basi kamati imeamua hivi. Hakuna mtoto wa shule atakayeingia uwanjani siku za kazi. Hakuna mtoto atakayelipwa kwa kilo, hata akileta msumari mmoja, na mfanyabiashara atakayenunua chuma mkononi mwa mtoto hatanunua tena katika kijiji hiki. Tunajua baadhi ya akina mama hapa watanung'unika, kwa sababu zile shilingi mia tano za mtoto zimenunua chumvi nyumbani. Mama, tunakusikia. Lakini chumvi tutaitafuta kwa njia nyingine. Na yeyote atakayekuta kitu chenye umbo la yai au la mche wa mahindi, kizito, chenye pete au pini, asikiguse, asikigonge, asikisogeze kwa fimbo. Aweke alama mbali, watu waondoke, polisi waitwe.

Baada ya hilo hatari nyingine ni ndogo, lakini zinaua pia. Tangi la mafuta lililo tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli umebaki ndani, na fundi akilikata kwa moto wa gesi hulipuka. Lijazwe maji kwanza, au lisikatwe kabisa, liuzwe hivyohivyo. Mapipa yaliyokuwa na dawa za kuulia wadudu yatobolewe, yasirudi nyumbani kwa mtu kuwekea maji ya kunywa wala kupikia pombe. Oili chafu isimwagwe chini. Itiwe madumuni, mafundi seremala wanaitaka kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Betri zisivunjwe. Ndani kuna asidi na kuna risasi, na risasi ikiingia katika mwili wa mtoto hudhuru ubongo wake, wala hakuna dawa ya kuurudisha. Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, wakaugua wao na watoto wao. Walishtaki, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri yetu moja au mbili ziuzwe zikiwa nzima, kwa mtu mwenye kibali cha kuzichukua.

Mwingine atauliza habari ya kutu na pepopunda. Kutu yenyewe haina pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, na msumari wenye kutu huvipeleka ndani ya nyama ambako hakuna hewa, nako ndiko vinakopenda. Kwa hiyo katika uwanja ambao mbuzi hulala, kila mkwaruzo ni wa kwenda zahanati siku hiyohiyo. Mabati yainuliwe kwa mti mrefu upande ulio mbali na wewe, ili nyoka atoke kuelekea anakotaka yeye. Na mapipa yenye maji yamwagwe leo, msingoje Jumamosi, kwa sababu mbu wa homa ya dengi huzaliana katika maji ya vyombo kama hayo.

Vijana, sasa neno linawahusu ninyi. Bei ya chuma ikijulikana, macho huanza kutazama visivyo vyetu. Reli ya Kati inapita Gulwe na Msagali, si mbali. Kuna nyaya za umeme, kuna mita za maji, kuna alama za barabarani, kuna vyuma vya madaraja. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria ya vyuma chakavu tangu mwaka 2015, na hata hivyo Januari 2022 minara ya umeme ilianguka, sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani, na uchunguzi ukaelekea kwa wang'oa vyuma. Serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu mpaka Mei mwaka ule. Fikirini: mnyonge aliyekuwa akiokota makopo kwa haki alikosa chakula miezi mitatu kwa ajili ya watu waliokata nguzo. Kitu chochote chenye alama ya reli, ya umeme au ya maji kikikutwa katika marundo yetu, hakitapimwa. Kitaandikwa na kurudishwa kwa wenyewe, na aliyekileta ataeleza alikipata wapi. Na mnunuzi wetu ataonyesha kibali chake cha mazingira na leseni yake ya biashara kabla hajashusha mizani. Asiye navyo arudi alikotoka, hata akiwa shemeji wa mmoja wetu.

Si kila kitu kitauzwa. Mzee mhunzi tuliyempeleka uwanjani juzi alichagua vyuma vyake kwa saa nzima, na ilikuwa raha kumtazama. Spring za tela hakukubali ziondoke. Spring ya gari ni chuma bora cha panga, shoka na jembe, na kwa mnunuzi ingehesabiwa chuma cha kawaida. Mikono ya plau mbili inaweza kuunganishwa ikawa plau moja nzima ya kukokotwa na ng'ombe. Mapipa safi, yale ya mafuta ya kula tu, mafundi bati watayafanya majiko. Na rimu moja ya trekta imeombwa na mwalimu mkuu, kwa sababu kengele ya shule iliyotundikwa mwembeni imepata ufa na sauti yake siku hizi haifiki ng'ambo ya korongo, watoto wa huko wanachelewa na kupata kisingizio. Tumesema apewe bure. Kama kuna anayepinga asimame sasa.

Hakuna. Vema.

Vingine vyote vitakwenda viwandani. Viwanda vya nondo vya nchi hii huyeyusha chuma chakavu, na chuma kikiyeyushwa vizuri hakizeeki. Trekta lile lililolala ghalani linaweza kurudi kwetu likiwa nondo za zahanati, na tutazinunua kwa bei kamili, hapo msiwe na shaka. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka tulipwe sawasawa wakati linapoondoka.

Imebaki habari ya daftari. Mali iliyo uwanjani ni ya kijiji, chini ya halmashauri ya kijiji. Chama hapa kinajitolea nguvu, hakiuzi wala hakipokei fedha, na mwanachama atakayepokea hata shilingi moja kwa jina la tawi atajibu mbele ya mkutano kama huu. Kila fungu litapimwa mbele ya watu watatu: mmoja wa halmashauri, mmoja wa tawi, na mwananchi mmoja asiye na cheo chochote, achaguliwe na mkutano siku hiyohiyo. Tunamtaka mtu mbishi. Kilo zitaandikwa katika daftari mbili kwa kalamu ya wino, si ya risasi. Fedha zitakwenda benki katika akaunti ya kijiji, na hesabu itabandikwa kwenye mti wa matangazo, fungu kwa fungu, bei kwa bei, jina la mnunuzi na namba ya lori. Atakayeibandua kabla ya mwezi kwisha tutamtafuta. Matumizi ya fedha hizo yataamuliwa na mkutano mkuu. Sisi wa kamati tunayo mawazo yetu kuhusu sakafu ya alizeti na choo cha shule, lakini hatukuja kuyasema leo.

Trekta lenyewe lina namba ya usajili. Karatasi zake zinatafutwa katika kabati la ofisi ya kijiji, ambalo nalo linahitaji kusafishwa. Mpaka karatasi zipatikane na mambo yake yamalizwe kisheria, litafunguliwa na kupangwa, lakini bamba la namba ya injini na la chesisi hayatauzwa.

Kazi itaanza Jumamosi saa moja asubuhi, jua halijawa kali, maana chuma cha saa nane hakishikiki. Njooni na viatu vya kufunika mguu. Mwenye ndara atapewa kazi ya daftari. Tunahitaji toroli mbili, mkokoteni wa ng'ombe mmoja, msumeno wa chuma, tindo, nyundo kubwa, na kamba ndefu ya katani. Akina mama wa kikundi cha jikoni wamesema watapika uji na maharage, nao wanadai kuni zitoke kwa vijana, jambo ambalo ni haki. Mfuko wa saruji umekwisha kupatikana, upo ofisini, haujafunguliwa. Maswali tunayapokea sasa, tukianza na mzee yule aliyenyoosha bakora tangu tulipotaja mibuyu.